Tupeane uzoefu: gesti uliyolala Arusha au Moshi, na kitabu ulichokuwa nacho usiku huo

Karani wa Stoo
Wakuu habari za jioni. Jumatatu napanda basi kutoka Dodoma kuja Arusha, kazi ya kuhesabu stoo, wiki mbili. Wikiendi ya katikati nitashuka Moshi kumsalimia shangazi, na kwa shangazi kumejaa wajukuu mpaka jikoni, kwa hiyo kulala ni gesti. Posho yenyewe mnaijua. Safari iliyopita nilipata chumba chenye televisheni ya chaneli moja, na chaneli yenyewe mahubiri mwanzo mwisho. Nikaishia kusoma maelekezo ya hita yaliyobandikwa mlangoni bafuni mpaka nikayakariri. Naomba mambo mawili: nilale wapi, na nisome nini. Leteni yaliyowakuta.

Chalii wa Ngarenaro
Karibu Chuga. Usilale karibu na stendi. Mengine watakwambia wakubwa.

Mama Tausi
Chalii, stendi imekukosea nini? Mimi nafuata mzigo Arusha kila mwezi, nalala Kaloleni, saa kumi na moja alfajiri natembea kwa mguu na kikapu changu mpaka kwenye basi. Huyo atakayelala Njiro kutafuta ukimya, alichookoa kwenye chumba atakiacha kwa bodaboda.

Karani mwanangu, ukishapewa funguo usitupe begi kitandani. Liweke mezani, au kwenye kile kiti cha plastiki. Washa tochi ya simu, inua godoro pembeni, kagua mshono. Kunguni hakai katikati ya shuka akikungoja, anakaa kwenye mshono na kwenye nyufa za ubao wa kichwani. Ukiona vidoa vyeusi kama mtu kagusagusa na ncha ya kalamu, rudisha funguo kwa adabu, sema kuna ndugu kapiga simu anakutaka ukalale kwake.

Dereva Kosta
Hahaha, huyo ndugu wa Mama Tausi ameshaniokoa na mimi mara mbili.

Mwalimu wa Zamani
Suala la kitabu limenigusa. Kwa wiki mbili chukua *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, ya mwaka 1999. Unguja ya wakati wa mkoloni, binti Yasmin kaozwa kwa Bwana Raza ambaye angeweza kuwa baba yake, anatoroka, anafika kwa Mwajuma, na huko ndiko maisha yanakoanza kuchemka. Mimi niliisoma kwenye gesti ya Majengo, Moshi, wiki ya kusahihisha mitihani. Umeme ulikatika saa mbili usiku, nikasoma kwa mshumaa wa mhudumu. Asubuhi nikadaiwa mshumaa, nikalipa bila kinyongo.

Tunda la Mwisho
Filamu yake ipo, ya Amil Shivji, 2021. Kwa nini mtu abebe mzigo?

Mwalimu wa Zamani
Kwa sababu filamu inaisha kabla hujafika Makuyuni, mwanangu.

Mzee wa Sakina
Msimpotoshe kijana. Gesti inataka kitabu cha upelelezi. *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba, Willy Gamba yuko kazini, wewe umelala chali na karanga zako kifuani. Unasoma mpaka saa nane, halafu unasikia mtu anapita koridoni na kandambili, unaamka kuhakikisha komeo. Hiyo ndiyo raha ya kusoma ugenini.

Nusu Kaputi
Kama shida yako ni usingizi, *Nagona* ya Kezilahabi. Kurasa mbili tu, unakoroma.

Mwalimu wa Zamani
Aliyelala ni wewe, kitabu kilikuwa macho.

Nusu Kaputi
Mwalimu usinianze. Nimesoma *Rosa Mistika* ya huyo huyo Kezilahabi nikiwa kidato cha pili kwa kujificha, na ilikuwa imepigwa marufuku, na sikulala. Hiyo nyingine ni mafumbo matupu. Mtu katoka kuhesabu mabati siku nzima unampa mafumbo?

Karani wa Stoo
Ni vipuri vya magari, si mabati. Endeleeni.

Binti Kiborloni
Arusha na Moshi mnazichanganya kama mji mmoja. Ni kilomita 80 tu lakini vyumba vyake vinakaguliwa tofauti. Arusha iko juu, kama mita 1,400 hivi, kwa hiyo unauliza blanketi la pili na maji ya moto, hasa Juni na Julai. Moshi iko chini yake, unauliza feni na chandarua, na chandarua chenyewe ukiinue kwenye mwanga uhesabu matundu. Watu wanakuja Moshi wamejifungia masweta eti kuna mlima. Mlima uko kule juu, jasho liko huku.

Na angalia tarehe. Mwishoni mwa Februari kuna marathoni, vyumba vinaisha. Agosti Arusha kuna Nane Nane pale Njiro. AICC wakiwa na mkutano mkubwa, hata gesti ya uchochoroni inaanza kujiita hoteli. Na Desemba sina haja ya kusema, mnawajua ndugu zangu Wachaga wakirudi nyumbani.

Mangi Mdogo
Desemba tunakuja kuhesabiwa, tuacheni.

Salama wa Same
Desemba. Mmenitonesha.

Ilikuwa tarehe 23, nina mtoto wa miezi saba mgongoni, nimetoka Dar tangu alfajiri, foleni mpaka Chalinze, basi likaharibika Mombo, tumeingia Moshi saa tano usiku. Mume wangu alikuwa ametangulia Rombo, gari la kupanda huko limeshaisha. Nikasema nitalala, nitapanda asubuhi. Gesti ya kwanza imejaa. Ya pili imejaa. Ya tatu kijana wa mapokezi hata hakuinua kichwa, alinyoosha kidole kwenye kibao JUMEJAA, na mimi badala ya kulia nikamwambia, kaka, kibao chako kimekosewa. Ndipo akanitazama.

Ya nne mama mmoja mtu mzima ndiye mwenye nyumba. Akasema chumba sina, ila hapa mapokezi kuna kochi. Akanipa shuka, akafunga mlango wa mbele kwa mnyororo, akaenda kulala. Mtoto akalala. Mimi nisingeweza, taa ya ukumbini haizimwi na kochi lilikuwa na chuma kimoja kinakuchoma ubavuni. Juu ya kaunta kulikuwa na daftari la wageni tu. Basi nikasoma daftari la wageni. Usiku kucha. Jina, kabila, atokako, aendako, kazi. Nusu ya wageni wa nyumba ile walikuwa wafanyabiashara wanaotoka Dar kwenda Dar. Mmoja kwenye kazi ameandika "kupumzika". Mmoja kaandika jina, halafu kalikata, kaandika jina lingine. Sijawahi kusoma kitabu kitamu kama kile, na saa kumi na mbili yule mama alipoamka alikataa hela, akanipa na chai ya maziwa na kiazi kitamu.

Dereva Kosta
"Kutoka Dar kwenda Dar" 😂😂

Mama Tausi
Mungu amweke huyo mama. Na JUMEJAA, jamani.

Mpagazi wa Marangu
Mmenikumbusha. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro njia ya Marangu miaka tisa, ile njia ya vibanda. Wageni wanabeba vitabu, halafu wakifika Horombo, mita 3,720, kichwa kinauma, kila gramu inakuwa adui. Kuna mzungu mmoja aliona kitabu chake kinamlemea. Akakichana katikati. Nakwambia akakichana mbele yangu, kwaaa, kama mkate. Nusu ya mwanzo alishaisoma akaniachia, nusu ya mwisho akapanda nayo Kibo. Kiingereza changu ni cha kuungaunga lakini jioni kule hakuna kazi, nikaisoma. Kuna mwanamke kwenye kile kitabu kaenda bandarini kumpokea mtu, meli inatia nanga, ukurasa umeisha. Aliporudi kutoka kileleni nikamwomba ile nusu. Ameiacha Kibo. Mpaka leo sijui alishuka nani.

Karani wa Stoo
Kinaitwaje?

Mpagazi wa Marangu
Jalada lilikuwa limebaki kwenye kamba ya begi la mwingine. Sikijui.

Tunda la Mwisho
Hostel za watalii Moshi mjini zina makabati ya vitabu, chukua kimoja acha kimoja. Nenda pale utakipata.

Binti Kiborloni
Nimefanya usafi kwenye moja ya hizo. Kabati zima Kijerumani na Kiholanzi.

Kaka Msambazaji
Nilikuwa nasoma kimya kimya ila hiyo *Vuta n'kuvute* imenitoa mafichoni. Miaka minne imepita, nimesimulia watu wawili tu.

Nasambaza bidhaa, Arusha, Babati, Singida. Siku hiyo nimekusanya madeni Arusha, jioni sana, wakala kafunga, nina 640,000 taslimu. Nikachukua chumba cha vitanda viwili maeneo ya Mianzini, mimi na dogo wangu wa kazi, kijana wa miaka kumi na tisa niliyemtoa kwao Mbulu. Mlango wenyewe komeo linacheza. Basi zile hela kwanza nikaziweka kwenye soksi. Nikaona hapana. Nikazitia ndani ya foronya. Nikaona hapana. Hapo nilikuwa nasoma hiyo *Vuta n'kuvute*, nipo mwanzoni mwanzoni. Nikapitiwa na usingizi na taa inawaka.

Saa kumi na moja tumeamshwa kwa kugongewa, tumekimbilia basi la Singida. Tumefika Babati, napapasa soksi, hakuna. Begi hakuna. Koti hakuna. Nikamtazama dogo. Dogo kalala, kafungua mdomo.

Ngoja nihudumie mteja, narudi.

Mama Tausi
Aaah!

Chalii wa Ngarenaro
Mkuu huwezi kutuacha Babati.

Mzee wa Sakina
Dogo kachukua. Hiyo iko wazi.

Salama wa Same
Mzee subiri basi.

Kaka Msambazaji
Nimerudi. Nilimshusha dogo pale pale stendi ya Babati. Nilimpekua mbele za watu, mpaka viatu. Hana kitu. Nikasema kampa mtu wa nje usiku nilipolala. Nikapiga simu gesti, akapokea dada wa mapokezi. "Dada, chumba namba sita, hamjaona kitu?" Akaenda kutazama, akarudi: "Kaka hapa hakuna kitu, kuna kitabu tu chini ya mto." Nikamjibu kwa hasira, kitabu chukua, kaa nacho!

Dereva Kosta
Weeeeee

Mwalimu wa Zamani
Naiona inakuja. Naiona.

Kaka Msambazaji
Dogo nikampa nauli ya kwenda kwao, mshahara wa mwezi nikaukata. Nikaendelea na maisha. Kama wiki tatu baadaye napigiwa simu na namba nisiyoijua, mwanamke, "Shikamoo kaka Emanueli." Nikamwambia umekosea namba. Nikakata. Kesho yake tena, "Kaka Emanueli samahani..." Nikakata. Mimi siitwi Emanueli. Ila kwenye daftari la gesti niliandika Emanueli.

Jioni ukaingia ujumbe. Ninao mpaka leo, nimeuhamisha simu mbili: *Mwenye kitabu cha Yasmin, nimefika kwenye hela.*

Mama Tausi
Jamani nimesimama.

Binti Kiborloni
Nimefika kwenye hela!!! Nimeisoma mara nne.

Nusu Kaputi
Si ndiyo maana wanasema ukitaka kumficha Mswahili kitu, kiweke kwenye kitabu.

Mwalimu wa Zamani
Ndugu, umeisoma habari yenyewe au umesubiri filamu? Zimekutwa na nani? Zimekutwa na msomaji. Ule msemo uzikwe leo.

Nusu Kaputi
Wiki tatu mwalimu. Kitabu kimoja wiki tatu.

Salama wa Same
Anasoma usiku mapokezi, kila dakika kumi mtu anagonga anataka sabuni. Wewe ungemaliza lini?

Mzee wa Sakina
Mimi swali langu ni moja. Kwa nini uliandika Emanueli?

Chalii wa Ngarenaro
Mzee kauliza la maana. Dogo alikuwa dogo kweli?

Kaka Msambazaji
Nilijua mtafika huko. Mazoea tu. Nani hapa anaandika jina lake la kweli gesti?

Mama Tausi
Mimi. Jina, kata, mpaka jina la balozi wa nyumba kumi.

Mangi Mdogo
Mimi pia, ila kwenye kabila naandika Mtanzania.

Mzee wa Sakina
Mtu asiye na la kuficha haandiki Emanueli.

Kaka Msambazaji
Mzee shikamoo, naomba tuliache. Nilirudi Arusha wiki hiyo hiyo. Dada kaniwekea hela kwenye bahasha, 640,000 kamili, kazihesabu mbele ya mwenye gesti. Nilikuwa nimezichomeka karibu na mwisho wa kitabu, usingizi umenishika, sikumbuki hata kidogo. Nikampa asante. Nikanyoosha mkono kuchukua kitabu changu, akakivuta kwake. "Kitabu si ulinipa?" Alikuwa hajamaliza.

Dereva Kosta
Asante ilikuwa shilingi ngapi?

Kaka Msambazaji
Elfu hamsini.

Chalii wa Ngarenaro
Laki sita na arobaini unatoa hamsini? Bahili wewe.

Mangi Mdogo
Hamsini ni sawa, hela yenyewe ya biashara, si ya kwake.

Binti Kiborloni
Mangi, hatukushangai.

Salama wa Same
Na dogo?

Salama wa Same
Kaka Msambazaji, dogo alikuwaje?

Kaka Msambazaji
Nilimfuata mpaka Mbulu na mshahara wake na wa mwezi wa juu. Nilimkuta analisha ng'ombe wa baba yake mdogo. Mama yake alinipa kiti, hakukaa. Dogo akapokea hela, akazihesabu mbele yangu, noti moja moja, hajawahi kufanya hivyo miaka yote miwili. Kazi akakataa. Sasa ana duka lake dogo la vocha na sukari, mimi ndiye namletea mzigo. Zamani nikifika alikuwa ananipa shikamoo. Siku hizi ananiambia "habari za kazi".

Mwalimu wa Zamani
Dah.

Karani wa Stoo
Wakuu, mada ilikuwa yangu. Kaka Msambazaji, hiyo gesti iko wapi? Nalala hapo hapo.

Kaka Msambazaji
Sitaji, watamjazia dada wa watu. Ukitoka mjini kuelekea Mianzini, geti la bluu, kuna mparachichi. Muulize kasoma nini sasa, huwa nampelekea kimoja kila nikipita. Mwisho nilimpelekea *Peponi* ya Gurnah, ile tafsiri ya Kiswahili.

Mwalimu wa Zamani
Hapo umechagua. Mle ndani Yusuf analetwa kuishi mji mdogo chini ya mlima wenye theluji. Karani, ukishuka Moshi kwa shangazi, chukua chumba cha ghorofani dirisha likiangalia kaskazini, uamke kumi na mbili kasoro, mlima uko wazi. Ikifika saa tatu umeshajifunika mawingu, urudi kitabuni.

Tunda la Mwisho
Ghorofani maji hayapandi.

Mwalimu wa Zamani
Oga chini, soma juu.

Nusu Kaputi
Vitabu vyenyewe anapata wapi? Maduka ya vitabu Arusha yamejaa kiada na madaftari.

Mama Tausi
Wale wanaotandaza vitabu vya mtumba chini. Pekua bila haraka, chini ya vitabu vya kuwa tajiri kwa siku thelathini kuna hadithi. Usioneshe unakitaka sana. Au ingia maktaba ya mkoa, ukae, usome mpaka wafunge.

Dereva Kosta
Na usiweke hela ndani.

Chalii wa Ngarenaro
Weka hela ndani, ila usimwambie dada akae nacho.

*(siku nne baadaye)*

Karani wa Stoo
Wakuu nimefika. Geti la bluu nimeliona, mparachichi upo, ila mapokezi nimemkuta kijana, anasema dada yuko likizo kwao Karatu. Nimekagua mshono kama alivyosema Mama Tausi, safi. Blanketi la pili nimepewa. Maji ya moto yanatoka vizuri dakika nne, ya tano yanakuwa ya Meru. Chini ya kaunta nimeona vitabu vitatu vimefungwa kwenye mfuko wa rambo, kijana kanikataza kugusa, kasema ni vya dada.

Nimeandika jina langu la kweli. Ila mstari wa juu yangu, chumba namba sita, kuna mtu kaingia jana: Willy Gamba, kabila Mtanzania, kazi kupumzika.

Mzee wa Sakina
Mimi niko nyumbani kwangu.